Ngazi Kumi na Nne za Malaika

Katika barabara ya Paseo de la Reforma, jijini Mexico, umesimama mnara wa mawe wenye malaika wa dhahabu kileleni. Wenyeji huuita El Ángel, yaani Malaika. Ulizinduliwa tarehe 16 Septemba 1910, nchi ilipokuwa ikiadhimisha miaka 100 tangu kuanza kwa vita vya kudai uhuru, na mtu aliyetoka barabarani siku ile alipanda ngazi tisa tu kufika kwenye jukwaa lake. Leo anapanda 14 zaidi. Hakuna aliyeuinua mnara. Barabara ndiyo iliyoshuka, pamoja na miti yake, mabomba yake na majengo ya jirani, na kadiri ilivyoshuka ndivyo mafundi walivyoongeza ngazi nyingine chini ya zile za zamani, watu wasije wakakosa pa kukanyaga.

Mnara haukushuka pamoja na mtaa kwa sababu umebebwa na paili. Hilo ndilo jina la nguzo ndefu za mti, chuma au zege zinazozamishwa ardhini pale udongo wa juu unaposhindwa kubeba jengo. Msingi wa kwanza wa mnara huo ulishindwa kazi ikiwa bado katikati, mawe yaliyokwisha kupangwa yakateremshwa, na ujenzi ukaanza upya juu ya msingi mwingine. Msingi huo wa pili ulifanya kazi vizuri mno. Uliushika mnara palepale huku dunia nzima inayouzunguka ikiteremka.

Wengi hufikiri paili ni kitu rahisi: nguzo ndefu inayopenya udongo mbovu hadi kwenye mwamba, kisha jengo linaketi juu yake kama chungu juu ya mafiga. Jiji la Mexico linaonyesha kwamba mambo yanayotokea chini huko ni mengi kuliko hayo. Udongo hauiachi nguzo ipite bure. Huishika, huibana, huisukuma, na mara nyingine huivuta. Na mwenendo huo hubadilika kadiri miaka inavyokwenda, hata kama nguzo yenyewe haijabadilika chochote.

Jiji lenyewe limekaa juu ya ziwa. Waazteki waliijenga Tenochtitlan mwaka 1325 kwenye kisiwa ndani ya Ziwa Texcoco, nao walikuwa wakipigilia vigingi vya miti kwenye tope kabla ya kuinua mahekalu yao. Wahispania waliuteka mji huo mwaka 1521, wakajenga mji wao juu ya magofu yake, na katika karne ya 17 wakaanza kulikausha ziwa kwa sababu mafuriko yaliwachosha. Maji ya juu yakaondoka. Kilichobaki ni mfinyanzi uliochanganyika na majivu ya volkano na magamba ya viumbe wa majini wadogo kuliko macho yawezavyo kuona. Mfinyanzi huu una tabia isiyo ya kawaida: kilo moja ya chembe zake kavu, ikiwa bado ardhini katika hali yake ya asili, mara nyingi huwa imebeba kilo tatu za maji au zaidi. Aliyejenga juu yake amejenga juu ya sifongo. Mita thelathini na kitu chini ya barabara ndipo penye tabaka gumu la mchanga na udongo ulioshikamana, na chini ya tabaka hilo mfinyanzi huanza tena.

Ili kuelewa sifongo hii inafanya nini kwa nguzo, mfano mzuri uko karibu. Mvuvi wa mwambao wetu anaposimika miti ya uzio wa samaki kwenye tope la mikoko, mti aliouchomeka sasa hivi hutikisika na mtoto anaweza kuung'oa. Akirudi baada ya siku kadhaa, tope limeukaza. Mti ni uleule na tope ni lilelile, na hata kina hakijaongezeka. Kilichobadilika ni maji.

Mti au paili inapopigiliwa kwenye mfinyanzi, lazima udongo uipishe. Chembe husogezwa kando kwa nguvu, na maji yaliyo katikati yake, kwa kuwa hayana pa kukimbilia haraka, hubanwa. Maji yaliyobanwa hubeba sehemu ya mzigo ambao chembe zingebebeshana, na chembe zisizokandamizana hazisuguani. Kwa hiyo mara baada ya kupigiliwa, nguzo huwa imezungukwa na kitu kinachokaribia uji. Siku, wiki, pengine miezi ikipita, maji hayo hujipenyeza polepole na kuondoka, chembe hukaribiana, hukandamiza ubavu wa nguzo, na uwezo wake wa kubeba huongezeka, wakati mwingine mara kadhaa. Ndiyo maana mhandisi makini haridhiki na kipimo cha siku ya kwanza. Huiacha paili ipumzike, kisha huipima tena.

Aliyeliweka wazo hili kwenye hesabu ni Karl Terzaghi, mzaliwa wa Prague, aliyefanya majaribio yake alipokuwa akifundisha Istanbul. Mwaka 1925 alichapisha kitabu kuhusu mekanika ya udongo ambacho wahandisi wengi hukihesabu kuwa chanzo cha taaluma hiyo. Kiini chake kinaweza kusemwa kwa maneno machache: nguvu ya udongo hutokana na mkandamizo kati ya chembe na chembe, baada ya kutoa shinikizo la maji lililomo. Maji yakisukuma zaidi, udongo hulegea. Yakipungua, udongo hukaza, lakini pia husinyaa.

Hapo penye kusinyaa ndipo penye kisa cha Malaika. Mwaka huohuo wa 1925 mhandisi Roberto Gayol alitangaza kwamba jiji la Mexico lilikuwa likitelemka. Wakati huo lilikuwa tayari limetoboa visima vingi kuwanywesha wakazi wake, na visima viliendelea kuongezeka. Katika miaka ya 1940 Nabor Carrillo alionyesha kwa hesabu zilizofuata njia ya Terzaghi jinsi maji yanayovutwa kutoka chini yanavyoufanya mfinyanzi wa juu usinyae. Sehemu za katikati ya jiji zilishuka takriban mita tisa katika karne ya 20. Visima vya katikati vilifungwa hatua kwa hatua, vingine vikachimbwa pembezoni, na leo yapo maeneo ya bonde hilo yanayoshuka karibu nusu mita kwa mwaka.

Sasa turudi kwenye nguzo iliyosimama ndani ya udongo wa namna hiyo.

Paili hubeba mzigo kwa njia mbili. Kitako chake huegemea kilichopo chini, na ubavu wake hushikwa na udongo kwa msuguano, urefu wake wote. Njia hizi mbili haziamki pamoja. Msuguano wa ubavuni hufikia nguvu yake kamili nguzo ikiwa imeshuka milimita chache tu. Kitako ni kizito kuamka: ili kitoe nguvu zake zote, mara nyingi nguzo hulazimika kushuka kiasi cha sehemu ya kumi ya kipenyo chake. Paili yenye kipenyo cha mita moja ingehitaji kuzama sentimita kumi hivi, na hakuna mwenye nyumba angelivumilia jambo hilo. Ndiyo kusema, katika maisha ya kila siku ya majengo mengi marefu, ubavu ndio unaofanya kazi kubwa, hata pale ambapo mchoro unaonyesha kitako kimekaa juu ya mwamba mzuri.

Lakini msuguano una pande mbili. Nguzo ikishuka kuliko udongo, udongo huizuia. Huo ndio msaada. Udongo ukishuka kuliko nguzo, mkono uleule uliokuwa ukizuia hugeuka kuwa mkono unaovuta. Udongo unaosinyaa hujining'iniza kwenye nguzo kama mtoto aliyeshika upindo wa kanga ya mama yake, na nguzo inajikuta imebeba jengo pamoja na tani nyingi za udongo ambazo hazikuwemo kwenye mahesabu ya ghorofa. Mahali fulani katika urefu wake, zege na udongo hushuka kwa mwendo mmoja. Juu ya mahali hapo udongo unavuta, chini yake unabeba. Kupajua mahali hapo ni kati ya kazi ngumu zaidi za mhandisi wa misingi, na kosa lake halionekani siku ya uzinduzi. Huonekana miaka ishirini baadaye, kwa ufa ukutani au kwa ngazi ya kumi na nne.

Leonardo Zeevaert alilijua hilo alipokabidhiwa msingi wa Torre Latinoamericana, jengo la ghorofa 44 lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1940 katikati ya mfinyanzi huo mbaya. Hakulitegemeza kwenye paili peke yake. Alichimba ghorofa za chini ya ardhi, ili uzito wa udongo uliotolewa ulipie sehemu ya uzito wa jengo, jambo ambalo jahazi hulifanya kila siku baharini. Kisha akashusha paili 361 hadi kwenye lile tabaka gumu, mita 33 hivi chini. Alipokuwa akichimba, maji yaliyotolewa ndani ya shimo yalirudishwa ardhini nje ya shimo, maana alijua kuwa kulikausha shimo lake bila kujali jirani kungeuangusha mtaa mzima pembeni yake. Inafaa kulitafakari hilo. Kazi ya msingi wake ilijumuisha kuutunza udongo wa watu wengine.

Jengo lilikamilika mwaka 1956. Tarehe 28 Julai 1957, kabla ya mapambazuko, tetemeko kubwa liliitikisa Mexico. Malaika wa Paseo de la Reforma alianguka kutoka kileleni akavunjika. Torre Latinoamericana ilisimama bila madhara ya maana, na ikasimama tena katika tetemeko la mwaka 1985.

Nguzo moja ikishafahamika, bado kuna swali la nguzo nyingi, na hapa San Francisco imetoa somo la gharama kubwa. Millennium Tower, jengo la makazi la ghorofa 58, lilikamilika mwaka 2009 likiwa juu ya paili za zege zaidi ya 900. Paili hizo zilipita kwenye kifusi na tope laini la ghuba hadi kwenye mchanga mgumu, mita ishirini na kitu chini. Mwamba ulikuwa mbali zaidi, zaidi ya mita 60. Kati ya mchanga na mwamba kulikuwa na mfinyanzi wa kale. Mwaka 2016 umma ulifahamu kwamba jengo lilikuwa limeshatitia takriban sentimita 40 na limeinama.

Mtu anaweza kuuliza: kwani mchanga ule haukuwa mgumu? Ulikuwa mgumu. Ukiipima paili moja ndani yake, utapata jibu la kuridhisha. Tatizo ni kwamba paili moja husukuma udongo ulio karibu nayo tu, lakini paili 900 zilizopangwa pamoja husukuma kama bamba moja kubwa, na mkandamizo wake hushuka chini sana kupita vitako vyenyewe. Hufika kwenye mfinyanzi wa kale ambao hakuna paili hata moja iliyougusa. Mfinyanzi ukibanwa hutoa maji yake polepole, mwaka hadi mwaka. Mahakamani yalibishaniwa mengi, yakiwemo maji yaliyopampwa wakati wa uchimbaji wa jirani. Kwa maneno mengine, hata huko ubishi uliishia kwenye jambo lilelile la Mexico: nani aliyaondoa maji?

Matengenezo yenyewe yalithibitisha jinsi udongo ulivyo mwepesi kukasirika. Mpango ulikuwa kushusha paili mpya hadi kwenye mwamba, kando ya pande mbili za jengo. Mwaka 2021 kazi ilisimamishwa kwa muda kwa sababu uchorongaji wenyewe ulikuwa ukiongeza kutitia. Mtu aliyekwenda kuiponya ardhi aliikuta inatikiswa na sindano. Mwishowe paili za matengenezo zilipunguzwa kutoka 52 hadi 18, mbinu za uchorongaji zikabadilishwa, na kazi ikakamilika mwaka 2023.

Je, mwamba ndio jibu la kila kitu? Katika Kuala Lumpur, wajenzi wa minara ya Petronas walichoronga wakakuta chokaa iliyolala kwa mteremko mkali chini ya eneo lao, yenye mashimo ndani, na upande mmoja wa msingi ungekaa karibu na mwamba huku mwingine ukiwa mbali nao. Walihamisha majengo yote mawili mita 60 hivi, hadi mahali ambapo mwamba ulikuwa mbali kabisa, kisha wakashusha kuta nene za zege ardhini, nyingine zikizidi mita 100, bila kuufikia. Minara ile iliyotangazwa mwaka 1996 kuwa mirefu kuliko yote duniani inashikwa kwa ubavu. Burj Khalifa ya Dubai pia: paili zake zipatazo 190, zenye kipenyo cha mita 1.5 na urefu uliozidi mita 40, zimezama kwenye mwamba dhaifu wa jangwani, na mwamba huo unazishika zaidi kwa msuguano kuliko kwa vitako.

Habari za chokaa yenye mashimo zinapaswa kusikika vizuri Mombasa na Unguja. Miji hiyo imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na anayeishi huko anajua mapango yake. Paili inayoishia juu ya paa la pango imeishia hewani, hata kama mashine ya kuchoronga ilikuwa ikinguruma juu ya jiwe gumu dakika moja iliyopita. Ndiyo sababu mkandarasi anayejali hachorongi hadi kina cha nguzo tu. Huendelea kuchoronga tundu jembamba mita kadhaa chini ya pale kitako kitakapokaa, ili ajue kuna nini. Gharama ya tundu hilo ni ndogo mno ikilinganishwa na jengo, na bado ni moja ya vitu vya kwanza kukatwa bajeti inapobanwa.

Mwamba mzuri nao una masharti yake. Tundu la paili likichorongwa, tope na vumbi la jiwe hubaki chini. Lisiposafishwa, zege hukaa juu ya godoro laini, na kitako huwa kipo kwenye mchoro pekee. Kuta za tundu zikiwa zimekwaruzika vizuri, zege huzing'ata, na mwamba husaidia zaidi: paili ikijaribu kuteleza, meno ya zege hupanda juu ya meno ya jiwe, tundu linataka kupanuka, jiwe linakataa, na mbano unaongezeka. Kuta zilizopakazwa tope hazifanyi hivyo. Kazi hii yote hutendeka gizani, mara nyingi chini ya maji, kama ilivyokuwa kwenye Ziwa Victoria kwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilometa tatu na lililofunguliwa Juni 2025. Msafiri anayevuka huko huona nguzo zinazochomoza majini. Sehemu iliyo chini ya sakafu ya ziwa, ambayo inaamua hatima ya zile za juu, hataiona kamwe.

Tetemeko huivuruga mikataba yote hii kwa sekunde chache. Tarehe 19 Septemba 1985 mfinyanzi wa Mexico uliyachukua mawimbi yaliyotoka mamia ya kilometa mbali ukayakuza, ukayumba polepole na kwa upana, mwendo ambao majengo ya urefu wa kati ndiyo yaliyoshindwa nao zaidi. Baadhi ya majengo yaliyokuwa yameshikwa na msuguano peke yake yalitelemka ghafla au yakainama. Jengo moja lilipinduka likaanguka, na paili zake zikang'oka ardhini. Msuguano ule ulikuwa umeshabebeshwa karibu kila ulichoweza kubeba siku za kawaida. Siku ya dhoruba haukubakiwa na akiba.

Kwa hiyo wahandisi wa Mexico wamekuwa wakitafuta msingi usiopingana na ardhi. Mmoja wao, Manuel González Flores, alibuni katikati ya karne ya 20 kifaa ambacho bado kinafanya kazi chini ya majengo mengi ya jiji hilo. Paili zake hazikufungwa kwenye msingi wa jengo. Hupita kwenye matundu katika bamba la zege na vichwa vyake hutokeza ndani ya ghorofa ya chini. Juu ya kila kichwa kuna boriti ya chuma iliyofungwa kwenye jengo kwa vyuma vyenye nati, na kati ya boriti na kichwa cha paili hupangwa vipande vidogo vya mbao. Ardhi ikishuka, jengo hutaka kushuka nayo, na mbao hubonyea kidogo kidogo na kuliruhusu. Jengo linaendelea kuwa usawa na mtaa wake. Mlango wake hauhitaji ngazi mpya.

Mbao zikishabonyea kiasi cha kutosha, fundi huteremka na spana na jeki kwenye ghorofa hiyo ya chini, hupima kichwa kimoja baada ya kingine, hulegeza nati, hutoa vile vipande vilivyobonyea na kupanga vipya.